Baada ya mwenzake kufa
Simbilisi wangu mkubwa alipokufa kwa nimonia wiki iliyopita, mwenzake, ambaye kwa miaka 4 walilala ubavu kwa ubavu, alijikunyata pembeni, akaacha kuita na hata nyasi kavu hakuzigusa. Niliogopa sana, kwa sababu simbilisi asipokula kwa muda wa saa 12 hadi 24 tu, utumbo wake huweza kuacha kufanya kazi, na wanyama hawa huficha maradhi mpaka yamewazidi nguvu. Daktari wa mifugo alinionyesha namna ya kumlisha uji wa nyasi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo, usiku na mchana. Uzito wake ulishuka kutoka gramu 940 hadi 860. Leo asubuhi ametafuna kipande cha pilipili hoho, kisha akaita mara moja, kwa sauti ndogo.