Siku moja ya uso wa kazini: dakika 8 za kujipodoa kwa asiyependa asubuhi

Saa 3:30 usiku, kesho ni kazini

Siku yangu ya kazi huanza usiku. Anayechukia asubuhi hasaidiwi na mbinu za kupaka upesi, kwa sababu kinachomchelewesha si mikono bali ni kuchagua: hii au ile, ianze ipi, imewekwa wapi. Maamuzi yote yafanyike usiku, asubuhi ibaki kazi ya vidole tu.

Natandika taulo dogo mbele ya kioo na kupanga vitu vinane kwa mfuatano wa kutumika, kutoka kushoto: losheni, kinga ya jua, penseli ya nyusi, konsila (krimu ya kuficha weusi na madoa), blashi ya krimu (rangi ya mashavu), poda na brashi yake, maskara (rangi ya kope), rangi ya mdomo. Mengine yabaki kwenye pochi, na pochi isifunguliwe. Penseli inachongwa usiku huuhuu. Ikiwa butu itachora mstari mnene, na kuufuta kunachukua muda kuliko kuuchora. Kutinda nyusi pia ni kazi ya usiku. Zikitindwa asubuhi, ngozi iliyotoka kupitiwa na uzi au wembe inavimba kidogo, halafu kinga ya jua ikigusa hapo inawasha.

Fondesheni haimo kwenye taulo, na haikusahaulika. Ukiipaka uso mzima lazima ilingane na shingo, isambazwe hadi kwenye masikio na pembeni mwa nywele, ishikwe na poda, kisha ikabiliane na jasho la Dar es Salaam. Ni kazi ya dakika 15 kwa uso ambao saa 4 asubuhi utaanza kuachia mistari. Kwa siku ya kawaida ya kazi, mambo matatu ndiyo yanayomfanya mtu aonekane ameamka: nyusi, chini ya macho na midomo. Ngozi iliyobaki iachwe ionekane ngozi.

Saa 12:00 asubuhi

Kuoga kwanza, uso mwishoni. Ngozi kavu inatosheka na maji peke yake asubuhi. Ngozi ya mafuta inahitaji sabuni laini ya uso. Sabuni ya mche na nyingi za kuogea zina magadi makali kwa uso: zinaukausha, na konsila ikikutana na magamba madogo ya ngozi inayakamata na kuyaonyesha. Futa kwa kugusagusa, na uso ukiwa bado na unyevu paka losheni kiasi cha punje ya njegere. Midomo pewa mafuta ya mgando sasa hivi, yafanye kazi wakati unavaa.

Saa 12:08

Kinga ya jua, SPF (namba ya nguvu ya kinga) 30 au zaidi. Kipimo chake ni mistari miwili, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, kuanzia shina hadi ncha. Hiyo ni ya uso na shingo. Wengi wanapaka robo ya hapo na kushangaa madoa yanazidi. Paka kwa awamu mbili, mstari mmoja kwa kila awamu, ndipo inyonywe bila kuacha weupe. Kama bado inakuacha umepauka kama uliyepakwa majivu, huenda ni ile inayotegemea oksidi za zinki au titani, ambazo zenyewe ni unga mweupe. Tafuta yenye rangi. Kwa ngozi nyeusi yenye madoa hii ni bora zaidi, maana oksidi za chuma zinazoipa rangi yake huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, na mwanga huo nao huchangia kukoleza madoa.

Sasa ondoka kwenye kioo. Kunywa chai, piga pasi, vaa. Kinga ya jua inataka dakika kumi ishike, na mwili uliotoka bafuni bado una joto na unaendelea kutoa jasho. Ukipaka kitu juu yake mapema, vinaviringika pamoja na kutoka vipande vidogo kama vya kifutio cha shuleni. Watu hulaumu konsila kumbe kosa ni haraka.

Saa 12:20

Hapa ndipo dakika 8 zinapoanza. Simama ukielekea dirisha, kioo kikiwa mbele yako, uso upokee mwanga, si mgongo. Taa ya njano inaficha wingi wa rangi. Utajiona sawa chumbani na kushtuka kituoni. Tupia kanga mabegani kulinda nguo.

Nyusi, dakika 2. Kwa nywele nyeusi tumia kahawia iliyokolea. Nyeusi tii inafanya uso uwe mkali. Anza na mstari wa chini, kuanzia katikati ya unyusi kwenda nje, kwa michoro mifupi inayofuata uelekeo wa nywele. Sehemu ya mbele, karibu na pua, iguse mwisho, penseli ikiwa imebakiwa na rangi kidogo tu. Anayeanzia mbele anatua na rangi nzito, ndipo panapotokea yale maboksi mawili. Chana kwa kimswaki, mara mbili inatosha.

Konsila, dakika 2, na hapa sitaki kupita haraka kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu. Kila jicho linataka kiasi cha punje ya mchele. Weka nukta moja kwenye kona ya ndani, karibu na pua, ambapo weusi huzama zaidi, na nyingine ndogo kona ya nje. Katikati paache. Gusagusa kwa kidole cha pete, usisugue; joto la kidole linailainisha. Kinachobaki kwenye kidole kimalizie kwenye doa la chunusi au pembeni mwa pua.

Weusi ukigeuka kijivu, kuongeza konsila hakutasaidia. Weusi wa chini ya macho una ubuluu ndani yake, na rangi nyepesi ikilala juu ya ubuluu hutoa kijivu. Tangulia na korekta, krimu ya kusawazisha rangi, iliyo ya chungwa, kiasi cha kichwa cha pini, kwenye weusi pekee; chungwa na buluu huuana. Ngozi ya maji ya kunde inatosheka na chungwa hafifu, nyeusi zaidi inataka chungwa lililokolea linalokaribia nyekundu. Konsila yenyewe ilingane na ngozi yako au iwe nyepesi kwa daraja moja tu. Ikizidi hapo, picha na jua la mchana vitakufichua.

Ukienda kununua Kariakoo au popote, usijaribie kwenye mkono, maana mkono una rangi yake. Paka mstari mwembamba kwenye taya, toka nje kwenye mwanga, subiri dakika 10 hadi 15. Zipo zinazokolea zikikutana na hewa na mafuta ya ngozi, na ile iliyolingana dukani inakuwa chungu cha udongo ukifika nyumbani. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Na nasema hili kwa uchungu: mkorogo, ule mchanganyiko wa kuchubua ngozi, unaharibu hata kazi hii ndogo. Uso na shingo vikishakuwa rangi mbili, hakuna chupa itakayolingana na vyote, na zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania kwa sababu ya madhara yake, si kwa ajili ya urembo.

Blashi ya krimu, nusu dakika, kabla ya poda. Krimu juu ya poda inashika mabaka. Nukta mbili juu ya mfupa wa shavu, zisambazwe kuelekea sikio. Kwa ngozi nyeusi chagua nyekundu ya tofali au zambarau. Waridi hafifu linabaki juu kama chokaa.

Poda, dakika 1, na si uso mzima: chini ya macho, pembeni mwa pua, katikati ya paji, kidevuni. Kung'uta brashi, kisha bonyeza. Ukifagia unaondoa kile ulichokiweka sasa hivi. Mashavu yaachwe, ndiyo yanayobeba uhai wa uso.

Maskara, dakika 1, kope za juu tu, mpako mmoja. Za chini zitaachia weusi kabla ya saa 6. Usipampu kijiti ndani ya chupa, unaingiza hewa na kuikausha. Baada ya miezi mitatu tangu kufunguliwa, itupwe hata kama imebaki. Fahamu pia kwamba maskara isiyoingia maji bado huyeyushwa na mafuta. Ngozi ya mafuta inaiyeyusha bila tone la mvua. Wanja wa ndani ya jicho hauko kwenye ratiba hii kwa sababu hiyohiyo, na wanja wa manga wa jiwe usitumike hata jioni, kwani mara nyingi jiwe hilo lina madini ya risasi.

Midomo, dakika inayobaki. Futa mafuta ya mgando kwa tishu, paka rangi, bana tishu katikati ya midomo, paka tena kidogo. Mpako wa kwanza uliofyonzwa ndio unaodumu.

Anayevaa mtandio auvae kabla ya hatua hizi, na poda ipite kwenye mpaka wa kitambaa, hasa chini ya kidevu.

Saa 12:45, Kimara

Foleni ya mabasi ya mwendokasi kwenda Kivukoni. Jasho likitoka, bandika leso na uinue, usifute. Rangi ya mdomo unaweza kuirudia ndani ya basi. Penseli na maskara hapana, breki moja inatosha kuumiza jicho.

Saa 2:15, ofisini, eneo la Posta

Kiyoyozi kinakausha. Konsila ikianza kuonyesha mistari chini ya jicho, bonyeza kidole cha pete chenye joto kwa sekunde tano. Usiongeze poda.

Saa 7 mchana

Mng'ao sasa umefika kwenye pua na paji. Chukua tishu, tenganisha tabaka zake, tumia moja, bonyeza. Mafuta yatoke kwanza, ndipo poda iguse kidogo. Poda juu ya mafuta inageuka uji, halafu inakauka na kupasuka. Ukienda kula nje juani, kinga ya jua irudiwe: weka kiasi kwenye sponji safi, gonga taratibu bila kuburuta. Poda yenye SPF si mbadala, kwani hakuna anayepaka poda nzito kiasi cha kufikia namba iliyoandikwa. Rangi ya mdomo irudiwe baada ya chakula, hasa chipsi. Mafuta huisafisha yote.

Saa 3 usiku

Kuondoa ni dakika 3. Mafuta ya kusafishia uso yapakwe juu ya ngozi kavu, sugua polepole dakika moja, lowesha mikono uendelee hadi yageuke maziwa, suuza, kisha sabuni ya uso. Kwa macho, bandika pamba yenye dawa ya kuondolea mekapu kwa sekunde 20 kabla ya kuivuta chini. Kusugua kunang'oa kope na kukoleza weusi uleule unaouficha asubuhi.

Brashi ya poda na sponji huoshwa kwa sabuni mara moja kwa wiki. Sponji ikaushwe wazi penye hewa. Ikifungiwa mbichi kwenye pochi, kwa unyevunyevu wa huku pwani, itaota ukungu ndani ambako huoni. Penseli inachongwa, na vitu vinane vinarudi juu ya taulo.