Mkono Usio na Dripu

Nafanya kazi maabara, hospitali moja hapa Mombasa. Daktari wetu wa ganzi alinijia na ombi: akina mama wa upasuaji wa kujifungua uliopangwa tuwapime kuganda kwa damu mara tatu, yaani kabla ya sindano ya mgongo, kondo likishatoka, na saa mbili baadaye. Alitaka kuijua kawaida yao, ili siku mambo yakiharibika aone yameharibika kiasi gani.

Nikaona kazi nyepesi. Mimba ikikomaa, damu ya mama huwa imejiandaa kuganda. Fibrinojeni, protini inayofuma bonge la damu, hufika gramu 4 hadi 6 kwa lita; asiye na mimba huwa na 2 hadi 4. Ikishuka chini ya 2 na mama anavuja damu, hapo hakuna mchezo.

Mama wa tatu alinitoa jasho. Asubuhi 4.8, kondo lilipotoka 1.7! Nikapiga simu chumba cha upasuaji.

"Sista, mama anavuja?"

"Wapi! Yuko hapa anahesabu vidole vya mtoto."

Nikarudia kipimo, jibu lile lile. Nikashuka mwenyewe, na hapo ndipo nikaona: damu ilitolewa mkono wenye dripu, juu kidogo tu ya sindano. Muda wote nilikuwa napima maji ya chumvi.

Tangu siku hiyo natangulia na plasta, nabandika mkono wa pili na kuandika "damu hapa". Na kwenye fomu tukaongeza kiasi cha dripu, maana hata ukitoa damu mkono sahihi, maji mengi mwilini huizimua kweli. Huko kushuka si kosa la mtu.

Vichupa vya kifuniko cha buluu navyo vilituletea ugomvi. Ndani mna sitrati, dawa ya kuzuia damu isigande, sehemu 1 kwa 9 za damu. Kikijaa nusu, sitrati inazidi na damu inaonekana inachelewa kuganda kuliko ilivyo. Nilivirudisha viwili, nikaitwa mwenye maringo. Kesho yake nikaenda na mahamri, tukaelewana.

Kuna siku vitendanishi vya mashine, yaani kemikali za kupimia, viliisha tukiwa na mama mmoja wa Likoni. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nimekuja kuzaa, sikuja kuchangia damu." Nikamwonyesha: mililita 2, hazijazi hata nusu ya kijiko cha chai. Baada ya upasuaji nikazitia kwenye kichupa kikavu cha kioo, nikakifumbata kiganjani kipate joto la mwili. Dakika ya nne nikakiinamisha polepole, bado. Ya tano, inashikana pembeni. Zikipita saba bila bonge, au bonge likiwa laini la kuvunjika, humwita daktari mbio. Ya sita nikakipindua juu chini. Haikumwagika hata tone.

"Vipi huko?" akauliza kitandani.

"Imeganda, mama."

"Haya, mwambie sista nataka chai."