Siku Moja Maishani Mwangu: Kiapo cha Muuza Ndizi

Saa 12 asubuhi. Navuka feri ya Likoni, faili kwapani. Mimi ni msaidizi wa sheria hapa Mombasa, nawaandaa wananchi wanaowashtaki wenye mamlaka kwa kukiuka haki zao. Wa leo ni wachuuzi waliobomolewa vibanda usiku bila ilani.

Saa 3. Mahakama Kuu. Kesi ni ya kutajwa tu, yaani kupangiwa hatua inayofuata, si kusikilizwa. Upande wa pili umeomba muda zaidi wa kujibu, ukapewa, tukatoka. Akina mama waliofunga biashara zao ili waje wamevunjika moyo. Nawaambia amri ya muda ya kuzuia ubomoaji bado ipo, tushike hapo.

Saa 5, ofisini. “Shikamoo, mama.” “Marahaba, mwanangu.” Muuza ndizi huyu, mmoja wa wachuuzi hao, amefunga risiti za ushuru wa soko kwenye pindo la leso. Wino umepauka, nazipiga picha moja moja kabla hazijafutika kabisa.

“Walichukua kila kitu,” asema.

“Mama, jaji hawezi kukadiria kila kitu. Tuhesabu.”

Tunahesabu: mikungu, mizani, mwavuli mkubwa, meza ya mbao. Saa ngapi? Nani alishuhudia? Mara anakumbuka kuwa mwenye kibanda cha pili alirekodi kwa simu. Hapo nasimama, nampigia kijana huyo papo hapo. Kesi nyingi za haki hufia hapa, kwenye hati ya kiapo, yaani maelezo ambayo shahidi anaapa kuwa ni ya kweli, iliyoandikwa juujuu, hata kama dhuluma ilikuwa wazi. Hati itaandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo namsomea yote kwa Kiswahili, polepole, kwani anayeapa ni yeye.

Ananiuliza atadaiwa pesa ngapi kwa kuwa kesi imefunguliwa. Ibara ya 22 ya Katiba ya 2010 inakataza ada ya kufungua kesi ya kutetea haki za msingi, na inaruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya kundi zima. Kanuni za 2013 za kuendesha kesi hizi zinakubali hata barua badala ya hati rasmi. Wengi hawajawahi kuambiwa haya, na hilo linaniuma sana.

Saa 8. Wali wa nazi, upesi upesi.

Saa 9. Kijana wa video amefika, ana wasiwasi: mnyonge atamshinda nani? Namweleza habari za Owino Uhuru, mtaa wa hapa hapa Mombasa uliochafuliwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Wakazi walikwenda mahakamani 2016. Mwaka 2020 wakatunukiwa shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikatengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Simfichi kwamba ni miaka mingi. Anafikiri kidogo, kisha ananitumia video.

Saa 11. Katibu wa wachuuzi anapiga simu. Kesho tutakutana sokoni kabla ya biashara kuchangamka, na kila mwenye risiti, hata iliyochanika, aje nayo.