Vile tulifika Lanet Krismasi bila kukanyaga Naivasha

Mimi huuza chipo hapa Kahawa Wendani, na kwa wazazi wa mzee wangu ni Lanet, ukikaribia Nakuru. Kila Disemba lazima twende, shosho wa watoto hataki kusikia hadithi za "tutakuja Januari". Na nimechoka kabisa na watu wa kuniambia eti "tokeni mapema tu". Mapema ni saa ngapi? Kuna mwaka tulitoka saa tisa usiku tukapitia barabara ya chini, Mai Mahiu, kumbe nusu ya Nairobi pia ilikuwa imeamua kutoka mapema. Lori likaharibika kwenye ule mteremko, tukaganda hapo chini karibu na kile kikanisa kidogo mateka wa Kiitaliano walijenga 1942 wakitengeneza hio barabara, mpaka jua likatoka tukiwa bado tunakiangalia.

Lakini hio ni afadhali. Iliyoniuma ni ya mwaka uliofuata.

Jirani mmoja hapa kwa ploti aliniita akaniambia, "Mama, mbona mnajitesa hivyo? Ingieni Ruiru, mpitie Githunguri, mtokee Uplands. Jam yote mtakuwa mmeiruka." Nikaona huyu ni mtu anajua. Tukatoka saa kumi na moja asubuhi, na kusema ukweli ile njia ni tamu, lami nzuri, majani chai pande zote, magari ya maziwa tu na pikipiki mbili tatu. Watoto wanaimba. Mimi nikapigia wifi yangu simu nikamwambia huu mwaka tutawahi hata chai ya saa nne.

Tukafika Uplands. Barabara kuu hapo mbele, na magari yamesimama. Si kwenda polepole, yamesimama, watu wametoka nje wanajinyoosha. Tulikaa karibu nusu saa tukiomba tu mtu atuachie nafasi ya kuingia, na ni nani atakuachia nafasi na yeye amekaa hapo tangu Limuru? Na hapo ndio nilielewa makosa ya ushauri wa jirani. Jam haikai Limuru. Wakati huo barabara pana ilikuwa inaishia Rironi, kutoka hapo ni leni moja kwenda na moja kurudi, na jam yenyewe inakaa mbele, Kimende, Soko Mjinga, mpaka huko Kinungi. Lori limebeba mzigo linapanda kama mtu anatembea kwa miguu, nyuma yake basi, nyuma yake magari mia. Dereva mmoja anakosa subira anaovalapu, kumi wanamfuata, wanakutana uso kwa uso na wale wa kutoka Nakuru, na hapo hakuna wa kwenda wala wa kurudi. Pale Soko Mjinga kuna wengine tena wanasimama kando kununua karoti na kabeji, kila mmoja akirudi barabarani anasimamisha laini. Kwa hivyo hio njia ya Githunguri ilituzungusha vizuri sana mashambani halafu ikatutua katikati ya shida yenyewe.

Kutoka Uplands mpaka Kinungi masaa matano. Kulikuwa na baridi na mvua ya rasharasha, kitinda mimba wangu anataka choo kila saa, klachi inanuka. Kuna mama alikuwa anauza mahindi choma katikati ya magari, nilinunua kwake mara mbili kwa sababu alikuwa anatembea kwa kasi moja na sisi. Mzee wangu ni mtu wa maneno mengi lakini siku hio alinyamaza kabisa, na huo unyamavu uliniumiza kuliko jam. Tulifika saa mbili usiku. Shosho alikuwa amekaa na chakula tangu mchana, amekifunika na sahani, na hakusema kitu, alishika tu watoto mikono akasema wako baridi. Niliapa siku hio sitarudia.

Sasa sikiliza vile nilipata dawa. Mimi hununua viazi Githurai, zile za aina ya shangi, na huwa zinakuja na kanta, yale malori madogo, za kutoka Kinangop usiku. Kuna mzee mmoja dereva nimenunua kwake miaka. Novemba hivi nikiwa naangalia wakishusha magunia nikajiuliza, huyu mtu anatoka upande ule ule wa jam, karibu kila siku, na sijawahi kusikia amechelewa. Nikamuuliza, "Mzee, wewe hupita Limuru saa ngapi?"

Akacheka. "Limuru nikafanye nini, mama chipo? Mimi nikitoka Njabini navuka tu barabara kuu ya Nakuru hapo Flyover nashukia Thika. Limuru ni ya watu wa haraka."

Yaani miaka yote hio tunateseka na jibu linakuja kwa mlango wangu likiwa limebeba viazi! Nikamwambia sitoki hapa kabla hujaniandikia. Akachukua kipande cha katoni na biro akaandika kutoka huku kwetu kuenda: Thika, Gatukuyu, Mataara, Flyover, Njabini, Engineer, Ndunyu Njeru, Ol Kalou, Dundori, Lanet. Nikamuuliza kila kitu, ni lami? Lami. Ukungu? Ukungu upo Kinangop, usipite usiku kama hujaizoea. Shida nyingine? Matuta yasiyo na rangi na ng'ombe. Na akanipa neno moja ambalo ndilo lilinisaidia zaidi, akasema pale Flyover jihadhari, gari itataka kuingia barabara kuu kwa mazoea, wewe usiingie, vuka tu.

Mzee wangu alikataa mwanzoni. Alisema hio ni kuzunguka dunia, njia ya kawaida mpaka Nakuru ni kama kilomita 160 na hii ni mia mbili na kitu. Ni kweli ni ndefu. Nikamuuliza kama anakumbuka Uplands. Akachukua ufunguo akaenda kupima hewa kwa tairi.

Tulitoka tarehe 23 saa kumi na mbili na nusu, kumepambazuka vizuri, tumekunywa chai, hakuna mtoto amebebwa na blanketi. Thika Road unaijua. Kutoka Gatukuyu unapanda tu, unaanza na mananasi ya huko Thika unamaliza na majani chai, halafu msitu wa Kieni, kumetulia, baridi safi. Nilifungua dirisha na nikafunga haraka. Katoni niliibandika kwa dashibodi na kifungua mimba akawa anapiga tiki kila mji tukipita.

Pale Flyover niliona ile barabara kuu. Magari yamesimama, laini haina mwisho. Sisi tukavuka. Aki sijawahi kusikia raha kama hio, mzee wangu alipiga honi mbili hivi bila sababu yoyote.

Njabini tulinunua maziwa na mandazi ya moto. Pale mji wa Engineer ndio simu ilianza vituko, ile ramani ikasema pinda kushoto shuka Naivasha utaokoa dakika kumi na tano. Hizo dakika kumi na tano ndizo zinawarudisha watu kwa jam, tena kwa vinjia vya murram, na udongo wa Kinangop ukinyeshewa hata trekta inaomba msaada. Nikazima simu. Tulikuwa na katoni.

Kinangop mpaka Ol Kalou ni mashamba ya viazi na kabeji, na nduthi zimebeba mitungi ya maziwa, hao wapatie nafasi maana upepo wa gari unaweza kuwayumbisha. Mara moja tu tulisimama dakika kumi, kondoo. Ol Kalou kuna kila kitu, choo safi, hoteli, nyama. Kutoka hapo unapanda Dundori halafu unaanza kuteremka na Nakuru unaiona chini kule, na hio barabara inakutoa Lanet yenyewe, kwetu hata hatukuhitaji kufika tauni.

Tulifika saa sita kasoro. Shosho alikuwa bado anachambua mchele! Shemeji yangu alitoka Kikuyu saa kumi na moja asubuhi na barabara ya kawaida, akaingia saa kumi na mbili jioni macho mekundu, na mimi nilikuwa nimeshalala kidogo na kuamka.

Mafuta sikuweka hesabu vizuri, na Probox yetu nadhani ilikunywa kama elfu tatu na kitu kwenda, labda mia sita zaidi ya kawaida, ambazo mwaka wa Uplands nilizitumia kwa mahindi na maji peke yake. Kama unatoka Rongai ama Kikuyu sitakudanganya, kwenda mpaka Thika kwanza haikufai, hii ni ya sisi wa Thika Road. Na siku ya kawaida isiyo na sikukuu pita tu Naivasha, hakuna haja.

Nilimpelekea yule mzee wa kanta kitenge cha bibi yake na nikamwambia vile ilienda. Aliuliza tu kama nilivuka pale Flyover. Nikamwambia nilivuka.

Pasaka tunarudi tena kwa njia hio, na mafuta nitajaza Thika kabisa, maana stesheni niliyoingia Engineer petroli ilikuwa imeisha.