Kufikia meli iliyozama bila boti: hesabu huanzia kwenye kurudi

Meli iliyozama karibu na pwani ina hila yake. Umesimama ufukweni, unaonyesha kwa kidole pale ilipo, na pengine hata boya lake unaliona. Mita 150 tu! Anayekwenda kwa boti huteremka kwa kamba ya nanga mpaka juu ya meli, na akimaliza hupanda kwa kamba ileile. Anayetokea ufukweni hugharimia kila mita kwa hewa yake na miguu yake, kwenda na kurudi. Safari ya kurudi ndiyo ghali zaidi, kwa sababu hapo mwili umepoa, mapaja yamechoka na mtungi wa hewa umepungua. Ndiyo maana mbizi ya namna hii hupangwa kinyumenyume: kwanza utatokaje majini, kisha utarudije, na dakika zitakazobaki ndizo za meli.

Meli nazo si sawa. Mojawapo ya zilizo rahisi kufikiwa kwa miguu ni USAT Liberty, meli ya mizigo ya jeshi la Marekani, huko Tulamben, kaskazini mashariki mwa Bali, Indonesia. Ilipigwa torpedo na nyambizi ya Japani Januari 1942, ikavutwa na kupandishwa ufukweni, ikabaki hapo mpaka mlima Agung ulipolipuka mwaka 1963 na mitikisiko ikaiporomosha majini. Imelala kwenye mteremko, umbali mfupi sana kutoka nchi kavu, sehemu yake ya juu ikiwa mita 5 hivi na ya chini karibu mita 30. Umbo hilo linakufanyia nusu ya kazi: unaanza chini, unapanda polepole ukiitazama, na hata kile kituo cha usalama, yaani kusimama dakika 3 kwenye mita 5 kabla ya kutoka juu, unakifanyia pembeni mwake.

Hilma Hooker, meli ya mizigo ya kisiwa cha Bonaire katika Karibi, iliyozama Septemba 1984, ni habari nyingine. Ina urefu wa mita 72, imelalia ubavu wa kulia juu ya mchanga wa mita 30, na sehemu yake ya juu iko kama mita 18. Hapo hakuna pa kupumzikia kwenye kina kifupi. Kwa majedwali yanayotumiwa sana na wazamiaji wa burudani, hewa ya kawaida inakupa dakika 56 kwenye mita 18 na dakika 20 tu kwenye mita 30, kabla hujalazimika kusimama njiani ili mwili utoe naitrojeni. Kwa hiyo ukisikia meli fulani "inafikika kutoka ufukweni", uliza mambo mawili: iko mbali kiasi gani, na sehemu yake ya juu iko kina gani.

Sasa hewa. Tuchukue meli ya mfano iliyo mita 150 kutoka ufukweni, sitaha yake ikiwa mita 14 na mchanga wa chini mita 22. Mtungi ni wa lita 12, umejazwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), yaani lita 2,400 za hewa. Mzamiaji aliyetulia tumpe lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Kwa sababu ya mgandamizo wa maji, kila mita 10 za kina huongeza lita 20 nyingine: kwenye mita 10 anatumia 40, kwenye mita 20 anatumia 60.

Mwendo wa kawaida chini ya maji, ukiwa na vifaa vyote na bila kuhema, ni kama mita 15 kwa dakika. Mita 150 ni dakika 10. Ukienda ukiwa umezama, kwa kina cha wastani cha mita 8, umetumia lita 360, sawa na bar 30. Kurudi usikuhesabie dakika 10, kuhesabie 15: lita 540, bar 45. Kituo cha usalama cha dakika 3 kitakula bar 8 hivi. Na ufike ukingoni ukiwa na bar 50 mkononi, maana mawimbi yanaweza kukukatalia kutoka na ukalazimika kusubiri au kuhamia upande mwingine. Jumla ni bar 103, andika 110. Geji ya mmoja wenu ikisoma 110, nyote mnaiacha meli.

Usiishie hapo. Ipime namba hiyo kwa balaa: mwenzako ameishiwa hewa mkiwa mita 22, wawili mnapumua mtungi mmoja, na kwa hofu kila mmoja anavuta lita 30 kwa dakika. Dakika moja ya kutulizana chini inakula lita 192. Kupanda kwa dakika 3 ni lita 378. Kituo cha usalama, lita 270. Jumla ni lita 840, bar 70 za mtungi wa lita 12, kisha mnaogelea kurudi juu ya maji. Chukua namba iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Hapa 110 inatosha. Kwenye mtungi wa lita 10, lita zilezile 840 zinakuwa bar 84, na hata bar za kurudi zinapanda, kwa hiyo namba ya rafiki yako usiinakili.

Nini kinabaki kwa ajili ya meli? Umefika na bar 170, unaondoka na 110. Bar 60 ni lita 720, na kwenye wastani wa mita 18 hizo ni dakika 13. Wengi hushtuka wakiiona hesabu hii kwenye karatasi, na ni heri washtuke wakiwa ufukweni. Ukienda juu ya maji kwa mrija wa kupumulia, umelala chali au kifudifudi, unaokoa zile bar 30 na dakika za meli zinafika 19. Mimi hupendelea njia hiyo bahari ikiwa shwari. Kukiwa na mawimbi au upepo kupita kiasi, au boti zinazokatiza hapo, pita chini na uridhike na dakika 13.

Mkondo unaweza kuibomoa hesabu hii yote. Mkondo wa nusu noti, yaani nusu maili ya baharini kwa saa, unasogea mita 15 kwa dakika, mwendo uleule wako wa kawaida. Ukielekeana nao uso kwa uso, unapiga mapezi na kubaki palepale huku hewa ikiteketea. Tazama mwendo wa mwezi kabla ya kuchagua siku: wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa na kupwa kwa nguvu, wakati wa maji mafu hutulia. Lenga pale maji yanaposimama kabla ya kugeuka, na ujue yatageukia wapi, kwa kuwa utakuwa bado umo ndani. Kama kuna mkondo unaofuata pwani, tembea na vifaa vyako mgongoni hadi upande unakotoka mkondo, ingia hapo, uache ukusukume kuelekea kwenye meli, na utokee upande wa pili. Mita 80 za kutembea mchangani na mtungi zinaudhi, lakini hazigharimu hewa.

Kuipata meli ndiyo sehemu ambayo wanaotegemea waongozaji wa mbizi hawaijui kabisa. Kabla ya kuingia, soma dira ukiwa ufukweni na ukariri mwelekeo wa kwenda na wa kurudi: ukienda kwa nyuzi 240, unarudi kwa 60. Tafuta pia alama mbili nchi kavu zinazopangana, mfano mti mrefu na kona ya paa nyuma yake. Ukiwa juu ya maji na zimepangana, uko kwenye mstari. Kisha fanya hila ya zamani ya mabaharia: usiilenge meli yenyewe, lenga kando yake, upande unakotoka mkondo, mita 20 hivi. Ukifika kwenye kina chake na huioni, unajua kwa hakika igeukie mkono upi, unaufuata mteremko kwenye kina kilekile mpaka chuma kijitokeze. Aliyelenga katikati akaikosa hajui aende kulia au kushoto, na hapo ndipo hewa inapopotelea. Dakika 5 za kutafuta zikiisha bila kuiona, rudini.

Dira usiiamini ukiwa umegusana na meli. Chuma kingi namna ile huvuta sindano. Jitenge mita kadhaa, acha sindano itulie, ndipo uchukue mwelekeo wa kurudi. Weka akilini pia sehemu ya meli unayoondokea, kama ni omo, tezi au mlingoti ulioanguka, kwa sababu meli ya mita 120 ikikupa makosa ya mita 120 unatokea ufukwe mwingine.

Kuingia na kutoka kunahitaji subira. Kaa robo saa ukiyatazama mawimbi. Huja kwa mafungu, makubwa kadhaa kisha utulivu, na utulivu huo ndio mlango wako. Penye mchanga, vaa mapezi ukingoni na uingie kinyumenyume au kwa ubavu, ukiburuta nyayo ili samaki wa miiba waliojifukia wasogee. Penye mawe ya mviringo, kama kule Tulamben, mapezi yakae mkononi mpaka maji yafike kifuani, maana jiwe lenye utelezi na pezi mguuni ni mwaliko wa kuvunjika kifundo. Vyovyote vile, miwani iwe usoni, regyuleta, kile kifaa cha kupumulia, iwe mdomoni na jaketi la kuelea liwe na hewa kidogo kabla wimbi la kwanza halijakugusa. Wakati wa kutoka, usitoe chochote usoni mpaka mawimbi yawe nyuma yako kabisa. Ukianguka, tambaa. Aibu ya kutambaa ni ndogo kuliko ya kusimama, kupigwa tena na kupoteza miwani.

Uzito nao una ajabu yake. Hewa ina uzito: bar 150 ulizotumia kwenye mtungi wa lita 12 ni kilo 2 na ushee. Mwisho wa mbizi umekuwa mwepesi kwa kiasi hicho, tena uko kwenye kina kifupi ambako suti ya kuzamia nayo imetanuka. Asiyejipima huanza kuelea bila kutaka mita 4 chini ya mawimbi, mahali pabaya kuliko pote. Jipime ukiwa na mtungi wa bar 50: jaketi tupu, pumzi ya kawaida, maji yafike usawa wa macho.

Kwenye meli yenyewe nina machache ya kusema. Ndani usiingie kama hukufunzwa. Tope lililotulia kwa miongo huamshwa na pezi moja na mlango unapotea, na kutu ya darini huporomoshwa na mapovu yako mwenyewe. Beba vifaa viwili vya kukatia, kimoja kila upande wa mwili, kwa ajili ya nyavu na mishipi ya wavuvi, ambayo hukaa kwenye meli miaka mingi na haionekani vizuri. Meli ya vita inaweza kuwa na risasi na mabomu hadi leo, kwa hiyo mikono ibaki kwako. Vitu vya melini haviokotwi pia: nchi nyingi zinakataza, na mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unalinda mabaki yaliyokaa majini angalau miaka 100.

Mkipotezana, tafutaneni dakika moja, kisha kila mtu apande juu. Boya la ishara na kamba yake visikose mfukoni, na ufukweni abaki mtu mwenye karatasi iliyoandikwa saa ya kuingia, mwelekeo, saa ya mwisho ya kuonekana na namba ya kupiga. Saa hiyo ikipita, apige simu mara moja, asikae akihesabu mapovu. Na kama mna ndege ya kuondoka, baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya lazima subirini angalau saa 12. Mkiwa mmezama mara kadhaa, saa 18.