Taa ya kijani haisemi kama sauti inapita

Mafundi wengi wa simu za ofisi zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta hapa Dar es Salaam, wakiitwa kwa sababu sauti inakatika, hutazama taa za swichi, yaani kifaa kinachounganisha simu na kompyuta za ofisi, na wakizikuta za kijani huitupia lawama kampuni ya intaneti. Ukaguzi huo, kwa maoni yangu, unaishia njiani. Taa inathibitisha tu kwamba vifaa viwili vimeunganishwa. Haielezi ni pakiti ngapi, yaani vipande vidogo vya data vinavyobeba sauti, zimefika wala zimechelewa kiasi gani.

Mazungumzo yanayotumia kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 kwa mpangilio wake wa kawaida hutuma pakiti 50 kwa sekunde kila upande, na kila pakiti hubeba sauti ya milisekunde 20. Kwa hiyo simu ya dakika moja inapaswa kuonyesha takriban pakiti 3,000 zilizokwenda na 3,000 zilizorudi. Zikitoka zote na isirudi hata moja, usihangaike kubadilisha kebo: aghalabu ruta imezizuia, au mtambo wa simu wa ofisi umetoa anwani ya mtandao wa ndani ambayo upande wa pili hauwezi kuifikia. Zikirudi 2,900, njia ipo lakini inadondosha pakiti, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Katika ofisi moja ya uwakala wa forodha, simu zilikuwa safi asubuhi, lakini ilipofika saa nne, kazi zikipamba moto, mhudumu wa mapokezi alikuwa akirudia, "Haloo, unakatika, hebu sema tena." Taa zote zilikuwa za kijani. Vihesabio vya swichi ndivyo vilivyofichua siri: poti (tundu la kebo) moja ilikuwa imejaa migongano iliyochelewa, yaani data iliyogongana baada ya muda unaokubalika kupita, na poti iliyounganishwa nayo ilikuwa na fremu (vifurushi vya data vya kwenye kebo) nyingi zilizoharibika. Upande mmoja ulikuwa umelazimishwa kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, na wa pili uliachwa ujichagulie. Uliposhindwa kupatana na mwenzake, ukaangukia hali ya kupokezana zamu. Pakiti zikiwa chache, kasoro hiyo haionekani kabisa.

Hali ya usajili wa simu kwenye mtambo nayo isikudanganye. Mtambo wa Asterisk, yaani programu ya kuendesha simu za ofisi, unaweza kuziuliza simu mara kwa mara kama zipo, na jibu likija, ukaandika kwamba zinafikika. Lakini maagizo hayo ya SIP, itifaki ya kuanzisha na kukata simu, kwa kawaida hupita poti 5060 (hapa poti ni namba ya mlango wa programu, si tundu la swichi), ilhali sauti hupita poti nyingine kabisa. Wala laini inayoonekana nzima haitoshi: tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, laini kati ya ofisi na mtoa huduma wa hapa mjini iliweza kuonekana nzima huku seva ya simu iliyoko ng'ambo ikiwa haifikiki.

Ili kuziona pakiti zenyewe, iamuru swichi inakili kila kinachopita kwenye poti ya mtambo kwenda kwenye kompyuta yako, kisha uchambue kwa Wireshark, programu ya kusoma pakiti. Sauti isiyosimbwa, hata hivyo, inaweza kuchezwa na kusikilizwa, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mimi huiwekea tcpdump, programu ya kunasa pakiti, kikomo cha baiti 54 kwa kila pakiti, yaani vichwa (sehemu za mwanzo zenye anwani na namba) vya itifaki za Ethernet, IP, UDP na RTP, ile inayobeba sauti, peke yake: namba za mfuatano na nyakati zinabaki, maneno ya wateja hayanakiliwi.