Nafsi ni mshirika wa biashara, mhesabie jioni

Binti yangu yuko chuo Dodoma, na kila asubuhi hunitumia video za wale vijana wa suti wanaofundisha namna ya kuwa mtu bora. Amka saa 11, andika malengo, jiambie wewe ni mshindi. Nazitazama, maana zimetoka kwake. Lakini saa 11 mimi nimeshaamka, na malengo yangu ya siku ni unga, sukari, mafuta ya kupima na vocha. Huo ushindi sijui niupange rafu ipi.

Hata hivyo swali lao nalikubali. Mtu akishakuwa mzima, ana duka lake na watu wanamwamkia, nani atamsahihisha? Mimi jibu nililipata kwenye darsa ya wanawake ya alasiri, hapa hapa Ngamiani, Tanga, na lilinikaa kwa sababu lilikuja kwa lugha ya duka.

Ustadhati wetu alikuwa akitusomesha Imam Ghazali. Kabla ya mafundisho alitupa habari zake. Mwaka 1095 bwana huyu alikuwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nidhamiya kule Baghdad, wanafunzi wamejaa, wakubwa wanamsikiliza. Halafu ulimi ukamgomea. Anataka kusomesha, neno halitoki. Chakula nacho hakishuki. Alipojichunguza akaona kwamba kilichokuwa kikimsukuma ni cheo na sifa. Akaacha kazi, akaenda zake Damascus, Jerusalem, Makka, akakaa miaka mingi bila kiti chake. Nilimpenda hapo hapo. Nawaamini zaidi walimu ambao ugonjwa waliupata wenyewe kwanza.

Kitabu chake kikubwa, Ihyaa, kina vitabu 40 ndani yake, na cha 38 ndicho cha muhasaba, yaani mtu kuihesabu nafsi yake. Asili yake ni ya zamani zaidi. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, ametajwa kusema jihesabuni kabla hamjahesabiwa. Ghazali akaja na mfano wa biashara. Nafsi, anasema, ni mshirika uliyempa mtaji, na mtaji wenyewe ni umri wako. Asubuhi unawekeana naye sharti. Mchana unamsimamia. Jioni mnakaa kufanya hesabu: faradhi ni rasilimali, sunna ni faida, maasi ni hasara. Wenzangu walikuwa wakiandika kwa unyenyekevu, mimi nikacheka kwa sauti, maana niliwahi kuwa na mshirika wa biashara kwelikweli. Unampenda, unakula naye, lakini droo ya pesa jioni unaihesabu mwenyewe.

Basi nikaanza. Nikishafunga duka na kusali isha, namaliza kwanza hesabu za mauzo, kisha natoa kaunta buku nyingine, ile ndogo. Mistari mitatu au minne, si zaidi. Ustadhati alitukataza kuandika vitu kama "leo nilikuwa na hasira", akasema hiyo haina mtu wa kumdai. Andika nani, saa ngapi, ulisema nini. Nilidhani ni ukali wake tu wa kimadrasa. Kumbe "hasira" huwezi kuirekebisha kesho, lakini "nilimjibu muuza mkaa bila kumwangalia, saa 3 asubuhi" unaweza.

Kilichojirudia sana kwenye kurasa zangu ni watoto wa mkopo. Mnawajua. "Mama kasema umpe nusu kilo ya unga, atakuja kulipa." Aliyeshika noti ya elfu kumi namwita mwanangu, namuuliza bibi yake anaendeleaje. Huyu wa mkopo namwambia ngoja pembeni, namhudumia wa mwisho, na mfuko namsukumia mezani. Unga ni ule ule, kilo ni ile ile, na mizani yangu watu wa Wakala wa Vipimo wameikagua, haina tatizo. Surat al-Mutaffifin, ile inayoanza kwa kuwatakia ole wapunjao vipimo, nilikuwa naisoma kifua mbele miaka yote. Sasa nikifika hapo napunguza mwendo. Mtoto wa miaka saba anajua kabisa kama amepunjwa, hata kama unga umetimia.

Kwa hiyo sharti langu la asubuhi likawa moja tu: mtoto wa mkopo nitamwita kwa jina, na zamu yake haitarukwa. Moja linatosha. Ukijiwekea kumi kama wale vijana wa suti, jioni utasamehe yote kwa pamoja.

Baada ya hesabu Ghazali ana hatua nyingine, ya kuiadhibu nafsi ikikosea. Hapo tuliachana kidogo. Mimi na ugonjwa wangu huu wa sukari, nikisema nifunge saumu kila nikiteleza, nitazikwa kabla ya Rajabu. Ustadhati akaniambia toa sadaka, tena itoke kwenye faida ya bidhaa unayoipenda. Akajua pa kunibana.

Kazi ngumu kuliko zote iko kwenye daftari la madeni. Wengi hawajui kwamba aya ndefu kuliko zote ndani ya Qurani, ya 282 ya Surat al-Baqara, ni ya kuandika madeni: mwandishi, mashahidi, muda wa kulipa. Si aya ya Pepo wala Moto. Na aya ya 280, mbili nyuma yake, inaamrisha kwamba mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na ukimsamehe ni kheri kwako. Aya zote mbili ni zangu, siwezi kuchagua ile inayonifurahisha. Kila Ijumaa asubuhi nalipitia daftari jina kwa jina, nikitenga asiyeweza na asiyetaka. Mvuvi wa Sahare wakati upepo wa kusi umechachamaa hana cha kulipa, namwongezea muda bila maneno. Yuko na mwingine mwenye mshahara, siku hizi anapitia mtaa wa nyuma ili tusionane. Kumdai huyu bila kumvunjia heshima mbele za watu, na bila kumsema kwa wateja wengine akishaondoka, ni kazi inayonitoa jasho kuliko kusimama usiku kwa sala.

Jirani yangu wa vitenge ni Mkatoliki. Nilipomsimulia akasema mbona na wao hufanya hivyo kabla ya kulala, tangu utotoni. Tangu hapo tukifunga maduka huwa tunaulizana, "Umehesabu?" Hatuambiani kilichomo.

Mauzo hayajapanda, nisiwadanganye. Binti aliporudi likizo alisema nimekuwa mpole. Mpole siyo. Nachelewa kidogo tu kujibu, kwa sababu najua usiku nitaandika.

Na wewe ndugu yangu wa mtaa wa nyuma, kama haya yamekufikia kwenye simu, pita tu mbele ya duka tusalimiane. Deni sijalisamehe, ila mwisho wa mwezi si mbali.